Mkwe Wangu na Samaki wa Daraja la Tatu

Nilikuwa mama mkwe kabla sijawa mke wa mtu. Wazazi wetu walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake, mimi nilikuwa darasa la tano, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Niliacha daftari nikashika mwiko. Tangu hapo, pale nyumbani Izia, mwenye kupika alikuwa mimi, mwenye kugawa alikuwa mimi, na mwenye kuchapa alikuwa mimi pia. Kwa hiyo mdogo wangu anayenifuata alipopata mchumba, baba zetu wadogo walikaa wakashauriana, kisha wakaniita.

"Mama yake ni wewe," wakasema. "Na mama mkwe wa huyo kijana ni wewe."

Huyo kijana alikuwa na ndevu. Alinizidi umri, tena si kwa mwaka mmoja. Lakini alipoambiwa hivyo hakucheka. Aliinamisha kichwa na kugeukia ukuta, kama inavyotakiwa.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Wakiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mtu wa tatu. Hali hiyo inaendelea mpaka siku ya kumlisha mkwe: mama mkwe anasonga ugali wa ulezi kwa mkono wake, chakula kinapelekwa kwa mkwe, mkwe anakila, na katazo linaisha. Ila halishwi mtu ambaye hajakubaliwa. Kumlisha ndiko kusema ndiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni na mitumba, na kila mwenye baiskeli alikuwa mfanyabiashara wa mazao. Mchumba wetu, mzaliwa wa Mwazye, alianza na baiskeli ya maharage. Sasa alikuwa anapakia magunia kwenye meli pale Kasanga na kuyauza Kigoma, na huko amepanga nyumba. Huko ndiko alikotaka kumpeleka mdogo wangu.

"Nenda ukaone anakotaka kumpeleka mtoto wako," baba mdogo aliniambia. "Ukirudi utupe jibu. Jibu lako ndilo letu."

Usiku ule mdogo wangu aliniambia jambo moja tu. "Dada, ukisema hapana, nitakubali. Ila nitalia sana."

Sasa mimi nina tabia yangu moja. Simjui mtu mpaka nimwone akila. Nimegawa chakula tangu nikiwa mtoto, na macho yangu yamezoea mikono ya watu kwenye sahani. Maneno mtu anaweza kuyapanga, nguo anaweza kuazima, lakini mkono ukishafika kwenye mboga unasema wenyewe. Na huyu mtu mmoja niliyetakiwa kumjua kuliko wote ndiye mtu mmoja niliyekatazwa kumwona akila.

Mchumba alitukatia tikiti za daraja la kwanza, mimi na mdogo wangu chumba kimoja, yeye chumba cha jirani. Nilikuwa sijawahi kupanda meli. Tulipanda nikiwa nimejitanda kanga mpaka puani, naye akitangulia mbele sana na mizigo yetu, hata mabaharia wakadhani ametuibia.

Meli ilipoondoka Kasanga, kengele ya chakula ikalia. Chumba cha kulia kilikuwa na meza zenye vitambaa vyeupe, visu, uma, na mhudumu mzee aliyevaa koti jeupe lenye vifungo vya dhahabu. Waliokatiwa tikiti pamoja walipangiwa meza moja, na mpangilio haukubadilishwa kwa ajili ya mtu yeyote.

"Nyie watatu, meza ya dirishani," alisema yule mzee, akatuvutia viti.

Nikajikuta mbele yangu, upana wa meza tu, kuna ndevu za mkwe. Niligeuza kiti nikatazama ukuta. Yeye akageuza chake akatazama ziwa. Mdogo wangu alibaki katikati peke yake na bakuli tatu za supu.

"Mama, supu ina tatizo?" mhudumu akaniuliza.

"Supu haina tatizo. Huyu ni mkwe wangu."

Alinizunguka akaniangalia vizuri. "Wewe? Mama mkwe? Binti yako ana miezi mingapi?"

Meza zote zikacheka. Kabla sijajibu, mkwe aliinuka, akamwambia mdogo wangu huku akitazama ziwa, "Mwambie mama asisumbuke. Ale kwa raha zake. Mimi ni kijana, nitajibana huko chini daraja la tatu."

Akatoka. Nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu ana heshima, amemwachia mama mkwe chakula cha wakubwa. Kisha nikageuza kiti nikaonja hicho chakula cha wakubwa.

Supu ilikuwa maji yaliyopita karibu na mfupa. Wali ulikuwa na mchanga. Unatafuna, unasimama, unasikiliza meno yako, unaendelea. Kabichi lilichemshwa mpaka likasahau kuwa lilikuwa jani. Kuku nilijaribu kumkata kwa kisu na uma, akaruka kutoka sahani yangu mpaka sahani ya mdogo wangu, naye akamrudisha kwa heshima. Mwisho tuliletewa kipande cha papai chembamba hata unaona ua la sahani kupitia humo.

"Dada, wakubwa wanateseka," mdogo wangu alinong'ona.

Chakula cha jioni kilikuwa kilekile, ila supu ilikuwa imepewa jina jingine. Mkwe akatuma tena salamu kuwa atajibana chini. Asubuhi tuliletewa chai na mkate uliohitaji nyundo. Mkwe akajibana. Nikaanza kuona kwamba mtu anayejibana kiasi hicho anapita kwenye korido akipiga mluzi. Na alipopita mlangoni kwetu, baada yake ilipita harufu ya samaki wa kuchoma.

Hapo nikaelewa. Huko chini kila meli inaposimama mitumbwi inakuja na samaki aina ya migebuka, wabichi na wa kuchoma, na ugali wa muhogo wa moto kwenye vyungu. Wa daraja la tatu walikuwa wanakula ziwa zima. Mimi mheshimiwa nilikuwa natafuna mchanga.

Mchana ulipokaribia nilimtuma mdogo wangu. "Mwambie mwanangu leo abaki yeye mezani. Sisi wazee tumezoea shida. Nitakwenda mimi huko chini."

Alikwenda chumba cha jirani akarudi. "Anasema haiwezekani mama alale njaa na mwana yupo."

"Mwambie mama hajali njaa."

Akaenda, akarudi. "Anasema huko chini kuna joto, kuna mbuzi, na sakafu inateleza. Anasema anakuogopea."

"Mwambie nimelea mbuzi na watoto wanne, sakafu hainitishi."

Safari hii alichelewa kidogo, akarudi ameuma midomo asicheke. "Anasema basi, ili mama asiumie, atakula mkate mkavu chumbani."

Tukajua wote watatu kwamba hatakula mkate wowote. Mimi nikamtuma mdogo wangu aende peke yake kukalia meza ya dirishani ili mhudumu asipige kelele, nikavuta kanga kichwani, nikashuka ngazi.

Meli ilikuwa imesimama Kipili na mitumbwi imeizunguka. Nilinunua mgebuka mmoja wa moto, nikatafuta mahali pa kujificha. Nyuma ya magunia ya maharage palikuwa na kivuli kizuri. Nikaingia. Na hapo, amechuchumaa na koti lake jeupe limetundikwa kwenye msumari lisipate mafuta, alikuwa yule mhudumu wa daraja la kwanza, ameshika mgebuka kwa mikono miwili.

Tulitazamana.

"Mama, hukuniona," alisema.

"Na wewe hukuniona."

Akasogea kidogo, nikachuchumaa kando yake. Tukala kimya kama watu wa ndoa ya zamani. Nikamuuliza kwa nini chakula cha juu kinakuwa vile. Akasema mpishi ni mzuri, ila vyakula vya stoo vinanunuliwa na watu ambao hawasafiri na meli. Kisha akanyoosha kidole chenye mafuta. "Mkweo yule."

Kati ya gunia na gunia palikuwa na upenyo. Nilijua nimekatazwa. Nikasogeza jicho.

Alikaa sakafuni, na mbele yake sinia la ugali wa muhogo na samaki wawili kwenye mchuzi. Kando yake alikuwa mama mmoja msafiri ambaye hakuwa na chakula, na watoto wake watatu. Bila shaka alikuwa amewakaribisha, maana wote walikuwa na mikono kwenye sinia. Watoto walikula kama wanavyokula watoto wa safari ndefu. Samaki wa kwanza alikwisha hata sijameza mate. Wa pili akaanza kupungua.

Nikatazama mkono wa mkwe.

Kuna jambo ambalo mtu hafundishwi. Mboga inapokaribia kwisha na watoto bado wana njaa, usiache kula ghafla. Ukiacha, watoto watajua, na mkubwa kati yao ataona haya, naye ataacha. Unapunguza tonge. Unalifinyanga muda mrefu kuliko kawaida, unaligusisha kwenye mchuzi bila kuchovya, unalitafuna polepole kama mtu ambaye ameshiba zamani na anakula kwa adabu tu. Nilifanya hivyo Izia miaka mingi, na wadogo zangu walikua wakiamini kuwa dada yao ana tumbo dogo. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akifanya.

Tonge la mkwe lilikuwa kubwa kama yai la kuku. Lililofuata likawa kama ndimu. Lililofuata likawa dogo kama karanga, nalo akaligusisha tu kwenye mchuzi na kulirudisha kavu. Huku anawachekesha watoto kwa hadithi ya mbuzi aliyekula tikiti ya meli. Hakuna aliyeona. Mnofu wa mwisho ukabaki, mtoto mdogo akauchukua, na mkwe akajipigapiga tumbo: "Jamani, nimeshiba mpaka nashindwa kusimama."

Nilisahau nilipo. Nilisahau kwamba nina mkia wa mgebuka mdomoni. Nilinyanyuka nimwone vizuri, na mhudumu akanishika kanga akisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutangaza chakula, "Mama, kaa chini, mkweo atakuona!"

Mkwe aligeuka. Macho yetu yakakutana, mara ya kwanza tangu aje kuposa. Yeye ana mafuta ya samaki kwenye ndevu, mimi mkia unaning'inia mdomoni. Alivuta koti akajifunika kichwa, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka akamkalia mbuzi. Mbuzi akapiga kelele. Sitaha nzima ikaangua kicheko.

Bibi mmoja wa kwetu Ufipa, aliyekuwa anasafiri na kuku wake kwenye tenga, ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuja akanisimamia, mkono kiunoni.

"Shikamoo bibi," nikasema, mkia nikauficha.

"Marahaba. Nani amemwona mwenzake akila?"

"Mimi."

"Umeshamlisha?"

"Bado, bibi."

"Basi umeharibu, mama mkwe mdogo wewe. Ulichokiona hukirudishi. Hapa una mawili tu. Mlishe kabla meli haijang'oa nanga, au mwambie mbele yetu sote arudishe posa. Usimwache mtoto wa watu amejifunika koti kama maiti."

Watu wakageuka wananitazama. Chini ya koti hakuna kilichotikisika. Nilimfikiria mdogo wangu juu kule, peke yake mezani na sahani tatu za kabichi, hajui kwamba jambo lake linaamuliwa karibu na mbuzi.

Nilimgeukia mhudumu. "Nipeleke jikoni."

"Abiria hawaingii jikoni."

"Na wahudumu hawali nyuma ya magunia."

Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akanitangulia.

Nilikuwa nimetoka nyumbani na unga wa ulezi kwenye kikapu, kwa sababu siamini kwamba mahali popote pana chakula mpaka nipaone. Nilisonga ugali kwenye jiko lile la meli, mpishi akinipisha na kusifia mkono wangu. Nikapika mgebuka mbichi kwa nyanya na chumvi. Nikapakua sahani moja, nikaifunika, nikamwita mdogo wangu kutoka meza ya dirishani.

"Kipeleke chini."

"Kwa nani, dada?"

"Kwa mwanangu."

Alifunua kidogo akaona ulezi. Alijua ugali wa nani ule, na alijua unapikwa lini na kwa ajili ya nani. Alisimama pale mlangoni pa jikoni, sahani imeinama upande, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Ukimwaga mchuzi huo sipiki mwingine," nikamwambia. "Nenda, bado amejifunika koti huko."

Alishuka ngazi. Baada ya muda nikasikia vigelegele vya bibi mwenye tenga la kuku, na honi ya meli juu yake.

Jioni kengele ilipolia tulikwenda wote watatu, tukakaa meza ya dirishani, viti vimeelekea mezani. Mhudumu alileta supu bila kuniangalia usoni. Mkwe alichukua kijiko cha wali, akatafuna, akasimama, akasikiliza meno yake. Kisha akaniangalia, akaniambia neno lake la kwanza ambalo halikupitia kwa mtu wa tatu.

"Mama, wali una mchanga."

"Kula, mwanangu," nikamjibu. "Ndilo daraja la kwanza."