Mkamwana Nyuma ya Pazia

Watu hudhani mhudumu wa wodi anachoma sindano. Sindano walichoma wauguzi. Sisi tulitandika vitanda, tukalisha uji, tukamwaga mikojo, na wasioweza kujigeuza tukawageuza na kuwasugua migongo kwa spiriti na poda ili wasichubuke. Nilikuwa na mikono mizuri kwa kazi hiyo, nasema bila aibu. Jioni nilirudi chumbani kwangu nyuma ya hospitali, pale Tarime, nikapika ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja unachosha.

Mume wangu alikuwa ameoa mwingine. Ulipofika mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, alihama naye, wakajenga huko. Mimi hakuna aliyekuja kuniita.

Mwaka huohuo aliletwa mzee aliyevunjika paja akishusha miti ya paa lake ili ahame nayo. Wanawe walikuwa bado wanajenga kijiji kipya, hivyo hakuwa na mgeni. Kiswahili hakujua, na kwenye zamu yetu mwenye Kikurya nilikuwa mimi tu. Nilipomwamkia aliniuliza nimeolewa wapi. Nami kwa kiherehere changu nikamtajia ukoo wa mume wangu. Kumbe ndio ukoo wake! Akavuta shuka hadi kidevuni, akageukia ukutani. Kwetu mkamwana hagusi mwili wa mkwe, na kila mzee wa ukoo ni mkwe.

Basi mwenzangu wa kutoka Tanga akawa anamwosha, mimi nasimama nyuma ya pazia nikitafsiri: inua, geuka, inauma wapi? Kisha mwenzangu akaenda likizo, nikabaki peke yangu. Mzee akawa hageuzwi. Nikaanza kusikia harufu ya ngozi inayooza, na harufu hiyo naijua. Wazee wengi hawakufa kwa mfupa, walikufa kwa mgongo.

Nikamwambia kupitia pazia jambo ambalo hata mama yangu sikuwa nimemwambia.

"Tata," yaani baba, "mimi si mkamwana wenu. Mtoto wenu aliniacha. Niruhusu nikuoshe."

Akauliza:

"Ng'ombe zetu za mahari zimerudi?"

"Hazijarudi."

"Sasa nani amekuacha? Wewe ni wa kwetu. Weka maji hapo, utoke."

Niliweka beseni nikatoka, machozi yananitiririka. Nilimkokota dereva wa gari la wagonjwa, akamwosha huku ananung'unika, mimi nikimwelekeza nikiwa nyuma ya pazia: polepole, hapo kwenye nyonga, futa, paka poda. Tulifanya hivyo mpaka mwenzangu aliporudi, na kidonda kikafunga.

Wanawe walipokuja kumchukua, alipita kwa magongo mlangoni niliposimama, macho yake chini, kama inavyotakiwa mkwe mbele ya mkamwana. Wale vijana walinitazama usoni, wakaniita sista, wakauliza lango liko wapi. Niliwaonyesha, nikarudi kuvua shuka za kitanda chake.