Ng'ombe wa Mahari na Ngitili Iliyofungwa

Nikisubiri muhuri ofisi ya kijiji jirani na Tinde, niliwakuta wakwe wakivutana mbele ya mtendaji. Ng'ombe wa mahari wamefika, wako nje, na baba wa binti hataki kuwafungulia ngitili, malisho aliyoyafunga ili ardhi iliyobaki vumbi irudishe nyasi.

"Sasa mzee, wakale wapi?" mshenga akafoka.

"Kwenu. Mvua ikinyesha, waleteni."

"Na bibi harusi naye tumchukue mvua ikinyesha?"

Mzee akavua kofia, akajikuna. "Yeye hali nyasi."

Binti akasema kutoka mlangoni, "Usifungue, baba. Nitasubiri."

Bwana harusi akamtazama, akaokota fimbo, akawaswaga ng'ombe kurudi kwao.

Nimehudhuria semina nyingi za kuokoa ardhi. Sijaona mshiriki akiahirisha hata chai.