Sauti Iliyobaki kwenye Ngoma

"Mimi siihitaji maiki. Maiki ndiyo inanihitaji mimi!"

Aliyasema hayo mbele ya umati wa mkutano wa injili, umeme ukiwa umekatika katikati ya wimbo wa pili na wahubiri wageni wakijipepea kwa karatasi za ratiba. Kisha akailaza ile maiki sakafuni taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaimba wimbo mzima kwa koo tupu mpaka walinzi wakaacha geti la uwanja wakaja kuangalia kuna nini. Waliokuwepo bado wanabishana kama alisikika mpaka barabarani au mpaka ng'ambo ya barabara. Kwamba alisikika, hilo halina mbishi.

Tulimwita Radi, naye alilivaa jina hilo kama suti. Kwa kazi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nusu ya mageti ya mtaa wetu yametoka mikononi mwake, na ukitaka kujua lipi ni lake, lifunge: la kwake halipigi kelele. Yaani mtu mwenye makelele kuliko wote mtaani ndiye aliyekuwa akitengeneza mageti yaliyonyamaza. Jumapili alivua ovaroli, akavaa koti jeusi la ngozi lililombana tangu siku lilipotoka dukani, akasimama mbele ya bendi ya roki ya vijana wa kanisa. Hilo neno "vijana" lilibaki kwenye bango tu. Mpiga besi alikuwa na kipara, na mpiga ngoma alikuwa na mjukuu.

Roki kanisani haikupokewa kwa vigelegele. Wapo waliosema magitaa yale yanalia kama jenereta linalokata roho. Mchungaji aliwajibu kwamba Mungu anasikia hata jenereta, na hoja ikafia hapo. Wimbo uliowalainisha watu ulikuwa "Lango la Chuma", alioutunga Radi mwenyewe juu ya lile lango lililomfungukia Petro alipotolewa gerezani, bila mtu kuligusa. Mpiga ngoma, muuza nyama tuliyemwita Mchinja, hakumwacha salama.

"Wewe fundi mageti unasifia geti lililofunguka bila ufunguo? Utatuharibia soko."

"Lile halikuwa langu," Radi akamjibu. "Langu lisingefunguka."

Maradhi yalianza kwa mkwaruzo wa asubuhi. Radi alilaumu moshi wa kuchomelea, akalaumu vumbi, akamlaumu mpiga besi, ambaye kwenye bendi yoyote hulaumiwa kwa mazoea. Mkewe alimpa maji ya moto na asali, kisha alipoona mkwaruzo umehamia na mchana, akamshika mkono akampeleka hospitali kama mtoto aliyegoma shule. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Kuna uvimbe mbaya kwenye kisanduku cha sauti. Kikitolewa, ataishi. Kikiachwa, hatafika mbali.

"Nitaimba?" Radi akauliza.

"Hutaongea."

Alitoka mle ndani akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mkewe ndiye aliyerudi kuchukua begi walilolisahau.

Wakati huo albamu ilikuwa nusu njiani, muziki umesharekodiwa, bado Radi kuingiza sauti yake ya mwisho. Kikao cha bendi kikakaliwa karakanani, watu wamekaa juu ya mabomba na ndoo za rangi. Radi hakuwapa nafasi ya kuzunguka mbuyu. Alimwonyesha binti wa dada yake, msusi wa nywele aliyekuwa akiitikia nyuma kwa miaka mingi, akasema, "Huyu." Mpiga besi alitaka kusema neno kuhusu sauti za kike na roki. Alitazamwa, akalimeza.

Kuanzia hapo, kila alipofunga saluni, msusi yule alipita karakanani kufundishwa. Mafunzo yenyewe hayakuwa ya kubembelezwa.

"Tena."

"Mjomba, nimechoka."

"Umechoka nini, umebeba chuma? Tena. Unaingia kwenye neno kama mtu anayeomba radhi. Sukuma mlango!"

"Na kama umefungwa?"

"Bega umepewa la nini?"

Aliyasema hayo kwa sauti iliyokuwa imebaki kama msumeno butu, akitema mate pembeni kila baada ya maneno mawili. Binti akageuza uso, akajifanya anatafuta pochi yake. Kisha akaimba tena.

Studio yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi. Magodoro yamegongelewa ukutani, na feni ilizimwa kila walipoanza kurekodi, kwa hiyo albamu nzima imeimbwa na watu waliolowa jasho. Fundi sauti alikuwa mwanamume mpole ambaye pia alitengeneza simu. Siku msusi alipokwenda kuingiza sauti yake, bendi yote ilikuwepo, na Radi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Fundi sauti akazima magitaa, akazima besi, akabakiza ngoma tupu azisafishe. Akakunja uso.

"Humu kuna mtu," alisema.

Kosa lilikuwa la bendi hiyo na si la bendi nyingine yoyote. Mchinja hakujua kuhesabu mapigo. Hedifoni alizikataa, akisema zinamfanya ajione yuko ndani ya maji. Alipiga kwa kumtazama Radi usoni: mdomo ukifunguka hivi ni kiitikio, bega likipanda hivi ni kumaliza. Kwa hiyo kila waliporekodi ngoma, Radi alisimama mbele yake chumba hicho hicho, akaimba ili Mchinja asipotee, na maiki za ngoma zikamnasa naye. Zamani haikuwa shida, maana sauti yake ya mwisho iliwekwa juu ikaifunika ile ya chini. Safari hii juu yake inakuja sauti ya mtu mwingine.

Kwenye nyimbo nyingi alikuwa mnong'ono tu. Lakini ubeti wa mwisho wa "Lango la Chuma" hupigwa kwa kugusagusa, na pale alisikika wazi. Walimsikia akipanda kuelekea noti ya juu, ile iliyowahi kuwatoa walinzi getini. Ikachanika. Akajaribu tena, ikakatika kabisa. Kikohozi. Halafu, chini, bila kuimba:

"Piga tu, Mchinja. Usinitazame."

Na ngoma zikaendelea mpaka mwisho, zenyewe tu.

Mchinja alikuwa ameivuta kofia yake mpaka puani.

"Futa," Radi akasema.

"Haifutiki, Mzee. Iko ndani ya ngoma zenyewe. Kuifuta ni kurekodi ngoma upya."

"Basi zirekodiwe upya."

"Mjomba," msusi akaanza.

"Mjomba nini? Albamu ni yako. Picha yako, jina lako, sauti yako. Mimi watu wananijua nikiwa nimesimama. Sitawaachia kikohozi."

"Hapo unapokwama ndipo mimi ninapoingilia. Ukitoka hapo, nitaingilia wapi?"

"Utahesabu. Dunia nzima inahesabu, isipokuwa huyu Mchinja."

Alicheka peke yake, kicheko kikageuka kikohozi. Kabla ya kuondoka alimtaka Mchinja aape kwamba zile ngoma za zamani hazitatoka. Mchinja akaapa, akiwa bado ndani ya kofia.

Jumapili iliyofuata alimkabidhi mpwa wake maiki mbele ya kanisa. Wengine walitegemea hotuba. Aliifuta ile maiki kwa kitambaa, akaiweka mkononi mwa binti, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na viatu vya watoto.

Watu huuliza maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi, wakitarajia kitu cha kuandikwa ukutani. Mkewe alikuwa ameitwa dirisha la mapokezi pale hospitali kuandikisha jina, kwa hiyo hakuyasikia. Aliyeyasikia ni nesi aliyekuwa akisukuma kitanda kuelekea chumba cha upasuaji. Radi aliinua kichwa, akautazama mlango, akamwambia, "Bawaba yenu ya juu imelegea, huo utamwangukia mtu." Basi. Baada ya hapo hakusema tena.

Aliporudi karakanani alikuwa na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa cheupe. Aliongea kwa chaki, ile ya kuwekea alama kwenye chuma, akiandika juu ya bati lolote lililokuwa karibu. Wateja waliozoea kufokewa sasa walilazimika kusoma. Mmoja alileta vipimo vya dirisha, Radi akavitazama, akaandika: "Umepimia ulimi?" Ukali ulikuwa ule ule. Lakini ilikuwa ajabu kusimama mle ndani mashine zikiwa zimezimwa na kusikia chaki tu.

Bendi ilitimiza kiapo. Mchinja alivaa hedifoni, mishipa imemsimama kama mtu anayechomwa sindano. Msusi alisimama mbele yake, lakini yeye huimba akiwa amefumba macho.

"Fumbua macho, binti, napotea!" Mchinja alipiga kelele.

"Nikiyafumbua nakuona wewe, naona bucha!"

Walirudia mpaka mwenye duka la fotokopi akaja kugonga mlango. Mwishowe wakapata. Wimbo ulitoka safi, na ile noti ya juu msusi aliishika, akaikalia. Kasoro haikuwepo. Fundi sauti akataka kuzifuta ngoma za zamani kama walivyokubaliana.

"Ngoja," msusi akamwambia. "Wimbo ni wa Mjomba. Asikie zote mbili. Akisema futa, nitafuta kwa mkono wangu."

Akauimba tena juu ya zile ngoma za zamani, kisha wakaenda karakanani watatu, msusi, Mchinja na fundi sauti, wakaweka spika ndogo juu ya meza ya kazi kati ya koleo na vipande vya bomba. Wa kwanza ulipigwa ule safi. Radi aliusikiliza akiwa amesimama, miwani myeusi kichwani. Kwenye noti ya juu akagonga meza kwa kidole, mara moja, kama anavyogonga geti lililonyooka. Alikuwa ameridhika. Msusi akatazama chini.

Wakaweka wa pili. Ubeti wa mwisho ulipokaribia, Radi akanyoosha mkono azime spika.

"Acha," mkewe akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa dawa na vitambaa safi vya shingo. Radi akauacha mkono hewani. Sauti ikapanda, ikachanika, ikakohoa. "Piga tu, Mchinja. Usinitazame." Na hapo hapo, msusi akaingia kwenye neno ambalo mjomba wake alishindwa kulifikia, bila kulipandisha, akalibeba kama lilivyokuwa.

Mke wa Radi alikaa juu ya rundo la mabati, mfuko ukiwa mapajani.

"Rudisha."

Fundi sauti akaurudisha wimbo mwanzo.

"Sio wimbo. Pale anaposema."

Akaurudisha pale. Mke akasikiliza. Akaomba tena, akarudishiwa tena.

"Shemeji," Mchinja akamwambia kwa upole, "tumeshakubaliana kwamba..."

"Mmekubaliana nyie. Mimi nani aliniuliza?" Hakupandisha sauti. "Nina nyimbo zenu zote. Tangu atoke hospitali nazisikiliza zote, moja moja, natafuta mahali anapoongea. Vile anavyoniambia chai imepoa. Hakuna. Kote ananguruma. Hii ndiyo sauti ya nyumbani, na ni hapa tu."

Akamgeukia mumewe.

"Ile nyingine ni ya watu, mmeshawapa. Hii ni yangu."

Radi akaanza kupangusa mikono iliyokuwa safi tayari. Kisha akachukua chaki, akainama juu ya bati la geti la mtu, akaandika: "Wa pili."

Msusi akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini Radi hakuwa amemaliza. Ufundi haukumtoka pamoja na sauti. Akaandika chini yake: "Ngoma ziko juu mno. Shusha."

Fundi sauti akakuna shingo.

"Ni kweli ziko juu, Mzee. Lakini ukizishusha, unashuka nazo. Wewe uko humo humo ndani."

Radi akayatazama maandishi yake. Akamtazama mkewe, aliyekuwa ameanza kukunjua vitambaa na kuvikunja upya. Kisha akaweka kiganja juu ya mstari wa pili, akaufuta. Ukabaki ule wa juu: "Wa pili."

Basi ndivyo albamu ilivyotoka. Kwenye jalada kuna picha ya msusi peke yake, kama Radi alivyotaka, na ndani ngoma ziko juu kidogo, wajuzi wa muziki wakisikia hulalamika. Hawajibiwi. Albamu huuzwa baada ya ibada, kwenye meza ndogo karibu na mlango wa kanisa, na anayeuza ni Radi mwenyewe, amevaa koti lake la ngozi na kitambaa cheupe shingoni. Mkewe hukaa kando yake akifunga mifuko. Mtu akiuliza bei, Radi huinua vidole vitano.

Albamu ni elfu tano.