Orodha Aliyoiandika Nabalayo

Dirisha la ofisi ya makaburi hufunguliwa saa mbili kama zamani, lakini hakuna anayesema pole. Anayeketi pale sasa huanza kwa kuuliza cheti cha kifo. Waliozoea sauti ya Nabalayo, "Pole sana, keti kwanza, karatasi zitangoja," husimama kidogo wakitazama ndani kana kwamba msiba umeongezeka.

Alikuwa karani wa bodi ya makaburi kwa miaka kumi na tisa. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka Bungoma, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa kuandika na kungoja. Kila kibali cha mazishi kilipitia bodi, na bodi ilikutana ilipotaka. Maiti zililala mochari hata wiki mbili zikingoja sahihi za watu saba.

Kisha makaburi yakajaa. Bodi ikaamua kwamba yale yasiyotembelewa kwa miaka thelathini yatumiwe upya, na katika kikao hicho hicho ikaikabidhi ofisi shughuli zote za utekelezaji. Mwenyekiti, Mzee Gachanja wa Milimani, alimsukumia muhuri juu ya meza.

"Sisi ni watu wa sera, mama. Mambo ya daftari na jembe ni yenu. Si ulikuwa unalalamika tunakuchelewesha?"

Wajumbe wakacheka. Naye akacheka. Ni kweli alikuwa amelalamika.

Orodha ya makaburi hayo ilimchukua miezi mitatu. Tangazo lilitoka gazetini, lakini Nabalayo alijua ni wangapi husoma matangazo, kwa hiyo akatuma majina makanisani, Dundori, Rongai, Njoro, yasomwe baada ya ibada. Alituma ya kina Kiplangat, akatuma ya kina Waithera. Majina ya watu wa kwao Bungoma hakuyatuma. Kwao mtu hazikwi mjini. Mwenye jamaa hupelekwa nyumbani, hata kama gari ni la kuomba. Anayeachwa Nakuru ni yule asiye na mtu. Karani wa kabila lingine asingekosea hivyo. Angeyatuma yote.

Edinah Khaemba alifika Agosti kutoka Rongai, mwanamke wa miaka sitini hivi, na karatasi yenye namba ya kaburi la baba yake, aliyekuwa fundi wa reli.

"Mzee alizikwa hapa kwa muda tu," alisema. "Ndugu zake walitunyima shamba. Sasa kaka yangu amenunua lake huko nyumbani. Desemba tunamchukua."

Nabalayo alimtembeza hadi pale. Palikuwa na msalaba mdogo mpya, wa mtoto. Mifupa iliyotolewa ilikuwa imezikwa pamoja na mingine katika shimo moja kando ya ua, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya nani.

Edinah hakupiga kelele. "Wewe ni wa wapi, dada?"

"Bungoma."

"Na hukuuliza?"

"Nilidhani hana mtu."

"Miaka arobaini nimeona aibu kuja kumkuta huku," Edinah alisema. "Ndiyo maana hukuniona."

Safari hii bodi ilikutana upesi. Nabalayo aliomba jambo moja: mwenyekiti afuatane naye hadi Rongai, awaambie jamaa za marehemu kwamba uamuzi ulikuwa wa bodi na kosa lilikuwa lake yeye karani.

"Bodi haikuchagua kaburi lolote," Gachanja alisema kwa upole, kidole juu ya kumbukumbu za kikao. "Imeandikwa hapa. Andika barua ya kuomba radhi, utie sahihi, upige muhuri. Hiyo pia ni kazi ya ofisi."

"Mzee, orodha niliiandika mimi, sikatai. Lakini kufukua watu hakukuanza na mimi."

"Ulipewa mamlaka, mama."

Wajumbe wengine walikuwa wakitazama simu zao.

Barua hakuiandika. Alikwenda Rongai peke yake, akaketi kwenye sebule ya kina Khaemba tangu asubuhi, akaeleza upya kila ndugu mwingine alipoingia. Hakupewa hata chai, wala hakuitarajia. Ijumaa barua ya kumfuta kazi ikamfikia. Ilisema amekaidi majukumu aliyokabidhiwa.

Siku hizi anaishi Dundori kwa dada yake, na asubuhi hupima maziwa ya wakulima kwenye kituo cha kuyapoza.