Kwanza Nimwone Mama Yake

Judite anashona sare za shule katika soko la Mocímboa da Praia. Kabla hajakata kitambaa hukivuta pande zote mbili, hukinusa, kisha hulowesha pembe moja aone kama kinachuja rangi. Wauzaji wa kapulana, vitenge vya huku, wanamjua. Akikaribia, mmoja humnong'oneza mwenzake, "Serikali imefika."

Nilipanga chumba nyumbani kwake miezi mitatu, nikagundua kuwa tabia hiyo haiishii sokoni. Nazi huitikisa sikioni, samaki humfunua mashavu, na mpangaji humuuliza jina la bibi yake. Lakini sikuwahi kumwona akikagua kitu kama alivyokagua mbwa.

Binti yake Tânia, mwenye miaka tisa, alikuwa ameomba mbwa kwa zaidi ya mwaka. Judite alikataa bila kueleza. Kisha mtu akaruka uzio mchana kweupe na kuondoka na sare nne zilizokuwa zimeanikwa. Jioni ile Judite akasema haya, tutatafuta mbwa, ila kwanza nimwone mama yake.

"Mama wa mbwa?" akauliza Atija, jirani wa upande wa pili wa uzio. "Kwani unaposa?"

"Haingii kwangu mtoto wa mtu nisiyemjua."

"Basi uliza na ukoo. Sharti langu unalijua. Asikanyage mkeka wangu wa kuswalia, wala asilambe vyombo vyangu. Akilamba utaosha wewe, mara saba."

"Nitaosha."

"Na mara moja kwa udongo."

"Nitaosha, Atija."

Mwenye mbwa alikuwa Januário wa Awasse, mtu anayefuga mbwa wa kulinda mashamba dhidi ya nyani na nguruwe mwitu. Judite alichagua siku ya shule makusudi. "Nikikataa," alisema, "sitaki Tânia alie mbele za watu." Tukachukua pikipiki mbili, na tuliposimama njiani kunywa maji akanieleza sababu yenyewe.

Alipokuwa na miaka kumi, kule Mueda, mdogo wake Dário alipewa mtoto wa mbwa na mpita njia. Alikuwa mbwa mzuri, mwenye miguu ya mbele myeupe. Alimng'ata Dário kidole, kidogo tu, na nyumba nzima ikacheka. Siku chache baadaye mbwa akafa, wakamzika wakadhani ni minyoo. Ulipopita mwezi na kitu, kikombe cha maji kilimfanya Dário apige kelele kama anayechomwa moto. Hakuishi wiki.

"Hakuna aliyejua mbwa yule ametoka wapi," akasema Judite, akafunga chupa. "Hakuna aliyeuliza."

Kwenye njia panda ya Awasse alimsimamisha dereva ili aulize. Mama mmoja, Cleide, alikuwa akichoma mihogo.

"Mbwa wa Januário wakoje, mana, dada yangu?"

"Wazuri. Shamba lenye mbwa wake, nguruwe hasogei."

"Na yeye mwenyewe?"

"Anaongea sana. Ubaya mwingine sijauona."

Januário alitupokea kwa viti viwili na kadi ya chanjo. Judite aliisoma mbele na nyuma, akaligeuzia jua karatasi ili aone kama tarehe imefutwa. Haikufutwa. Watoto wa mbwa walikuwa wanne, wamelala rundo moja. Akawaamsha. Akawafunua fizi, akawabonyeza matumbo, akawapigia makofi nyuma ya masikio. Akasita kwa jike mmoja wa rangi ya mchanga aliyekuwa amemng'ang'ania ukanda wa kiatu.

"Huyu," akasema. "Mama yake yuko wapi?"

Januário akatazama pembeni. "Yuko nyuma. Ila wageni hawapendi."

"Sijaja anipende."

Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Alipotuona alisimama, akanyoosha shingo, akavuta midomo hadi meno yakaonekana yote. Kifua kikawa kinaruka, kinywa kinafunguka na kufumba. Alikuwa akibweka kwa nguvu zake zote, na haikutoka sauti yoyote. Ilitoka pumzi tu, na uzi wa mate ukaning'inia.

Judite alirudi nyuma hadi kisigino chake kikagonga ukuta. Baada ya kifo cha Dário, fundi wa mifugo alikuja shuleni kwao kuwafundisha dalili za kichaa cha mbwa, na Judite alizishika kama wengine wanavyoshika sala: mbwa aliyepotewa na sauti, anayetokwa na mate, usimsogelee. Mikono yake, iliyotoka kushika wale watoto wanne, aliiweka mbali na mwili wake.

"Tangu lini hana sauti?" akauliza.

Januário akainama kukaza kamba kwenye nguzo.

"Baba, nimekuuliza."

"Tangu porini," akasema mke wake, Palmira, kutoka mlangoni.

Pwani hii yote hakuna anayeuliza ni pori gani. Vita vilipofika na kijiji kikashambuliwa, walikimbilia msituni watu ishirini na mmoja, na mbwa wanne. Usiku wa kwanza wazee walisema mbwa wakibweka watawatoa roho watu, kwa hiyo watatu wakauawa. Wa nne alikuwa mdogo wa kuenea kiganjani. Palmira alimfunga kifuani ndani ya kapulana kama mtoto, akamkaza mdomo kwa utepe wa kitambaa, akawa anamfungua wakati wa kula tu.

"Nilidhani ni siku mbili," Palmira akasema. "Ikawa miezi. Tulipofika Mueda nikautupa ule utepe. Akabweka hivi hivi unavyoona. Tukasema sauti itarudi."

"Wateja nikiwaonyesha wanakimbia," akasema Januário. "Ndiyo maana namweka nyuma."

"Hayo ni maneno," akasema Judite, lakini kwa sauti ya chini. "Mpe maji."

Palmira akaleta bakuli la bati. Mbwa alilitazama, akatutazama sisi, akalitazama tena. Judite alikuwa ameshika upande wa sketi yake, ameukunja wote ndani ya ngumi. Kisha mbwa akainama akanywa. Tulisikia ulimi ukipiga maji. Alikunywa hadi chini, akalamba bati, akalisukuma kwa pua likagonga nguzo.

Mwingine angetosheka. Judite aliosha mikono kwa sabuni hadi viwiko, akatembea kwa miguu kurudi njia panda, nami nyuma yake.

"Mana Cleide, yule mama wa mbwa, ni lini alipoteza sauti?"

"Tangu tulipotoka porini. Inafika miaka mitano."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza mbwa wakoje, hukuuliza mama yao. Na hapa nani asiyejua?"

Judite akakaa kwenye benchi. Nilimwona akihesabu: mbwa wa Dário alimaliza siku chache, huyu miaka mitano, na kuzaa amezaa. Mabega yake yakashuka. Akaomba muhogo, akaula wote, akaomba mwingine, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakula asubuhi.

Tuliporudi hakwenda kwa Januário aliyekuwa amemshika yule mtoto wa rangi ya mchanga. Alikwenda jikoni, akachuchumaa kando ya Palmira, hatua chache kutoka kwa mbwa.

"Mimi nilimziba Tânia mdomo, porini," akasema. "Alikuwa na miaka minne. Kwa mkono huu."

Palmira alimtazama mkono, akausogeza mkeka ili akae vizuri. Walikaa pale hadi madereva wakaanza kupiga honi.

"Na huyu atabweka?" Judite aliuliza wakati wa kuagana, mbwa akiwa tayari ndani ya kikapu.

"Huyo?" akasema Januário. "Utamrudisha uombe aliyefungwa mdomo."

Kwa siku mbili mtoto wa mbwa hakutoa sauti. Tânia alimwita jina kila saa. Judite alimwekea maji asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alisimama hadi akamwona amekunywa. Siku ya tatu, mchana, kuku wa Atija alipita chini ya uzio. Mtoto wa mbwa akaruka nyuma, akaanguka, akainuka, akabweka. Akajishtua mwenyewe, kisha akabweka tena, na hakuacha.

"Mama Tânia," Atija akaita kutoka upande wake. "Mgeni wako ana mdomo."

"Anakusumbua?"

"Nimesema ana mdomo. Nimesema ananisumbua?"

Judite alikuwa kwenye cherehani, mguu haukusimama. Uani Tânia alikuwa amepiga magoti mbele ya mbwa, naye anabweka, kwa sauti kubwa kuliko ya mbwa, na mama yake hakumnyamazisha hata mmoja wao.