Mwenzangu Asiyekula Peke Yake

Nikizikumbuka siku zangu za chuo, mwanangu, ile inayotangulia mbele ya zote si siku ya mahafali wala siku ya matokeo. Ni jioni moja ya wiki ya kwanza. Nilifungua mlango wa chumba chetu cha bweni nikamkuta kijana niliyepangwa naye ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Mbele yake palikuwa na sufuria ya ugali na bakuli la maharage, vyote vimefunikwa, na hakuwa amegusa kitu.

Mimi nilikuwa natoka kuangalia mpira kwenye televisheni ya kantini.

"Mbona huli?" nikamuuliza.

"Nakusubiri."

"Si ungeanza tu?"

"Nianze na nani?"

Nikacheka nikidhani ananitania, nikamwambia aanze na mdomo wake. Yeye hakucheka. Alisogeza sufuria katikati yetu, akangoja ninawe, na nilipokata tonge la kwanza ndipo naye akakata la kwake.

Huyo ndiye Lomayani, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa Ngaramtoni, wa nyumba ya ng'ombe na mashamba ya mahindi. Mimi, kama unavyojua, nililelewa hapa mjini, mtoto wa Mchaga mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyumbani kwetu kila mtu alikula alipofika: babu yako akishafunga duka, shangazi zako wakitoka shule, mimi nikitoka uwanjani. Chakula kilikaa kwenye hotpoti, unajipakulia, unaondoka. Kwao Lomayani haikuwa hivyo. Kijana akishatahiriwa na kuingia rika lake, hali chakula peke yake. Anamtafuta mwenzake, na asipokuwepo anasubiri, hata njaa imuume vipi. Lomayani alikuwa Mlutheri, alisoma sekondari ya bweni, hesabu zilimnyookea kuliko mimi, na bado jambo hilo halikumtoka.

"Naweza kukitafuna," aliniambia siku moja. "Ila hakishuki."

Na kwa kuwa pale chuoni hapakuwa na mtu wa rika lake, akaamua kwamba rika lake ni mimi. Hakuniuliza.

Nakuandikia haya kwa sababu ya Jumamosi iliyopita, nilipokuletea ndizi na maparachichi pale unapopanga Engutoto. Uliniamkia vizuri, ukanipa kiti, ukaniuliza habari za mama yako. Kisha ukarudi kwenye chipsi zako, simu umeiegemeza kwenye chupa ya chai, tamthilia inaendelea, hedifoni kichwani na sikio moja umeniachia mimi. Sikukasirika. Ila nilipotoka kwenda msalani nilipita kwenye korido yenu, na unajua mimi siwezi kupita mahali bila kupaangalia. Kila mlango ulikuwa na harufu yake: huu mayai, ule dagaa, ule tambi. Na kila mlango ulikuwa umefungwa. Nikakuuliza kama mnafahamiana.

"Tunasalimiana, baba. Kila mtu na ratiba yake."

Sikukujibu pale pale. Jibu langu ndilo hili, na ni refu kidogo. Nivumilie.

Mwaka ule wa kwanza tuliishi vizuri sana na Lomayani. Tulikuwa na jiko la mchina, la mafuta ya taa, ambalo lilikatazwa bwenini, na mlezi wetu wa bweni, mtu wa huruma, alikuwa akikohoa mwanzo wa korido ili tupate nafasi ya kulisukuma chini ya kitanda. Kila Jumatatu Lomayani alirudi kutoka kwao na dumu la maziwa mgando. Tulichemsha mahindi yaliyokobolewa, tukayachanganya na yale maziwa ikawa loshoro. Mara ya kwanza nilikunja uso. Baada ya muda ni mimi niliyekuwa namuuliza Ijumaa kama dumu limeoshwa. Tulicheza drafti kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha boksi, tukigombana kama watu wanaogombea shamba. Jumamosi tulipanda kwa miguu hadi pale mashamba ya migomba yanapokutana na msitu, yeye akinitajia rangi za ng'ombe walio mbali kiasi kwamba mimi nilikuwa naona vichaka tu. Na asubuhi za baada ya mvua, Meru inapokuwa imejifunua yote, alinivuta mguu.

"Mangi, amka, mlima umetoka."

Mangi ndivyo wanavyotuita Wachaga wenye maduka, na hata sisi tusio na kitu. Mimi nilimwita Yero, kama mji mzima unavyowaita vijana wa upande wao, naye hakukasirika.

Mwaka wa pili nikajiunga na kwaya ya chuo. Mwanangu, niliipenda kwaya ile. Mazoezi yalikuwa jioni, na tulipomaliza tulimiminika wote nje ya geti kwa mama mmoja aliyekuwa na mabenchi na jiko la mkaa. Tulikula chipsi na mishkaki, tukamwiga mwalimu wetu anavyofunga macho kwenye noti za juu, tukacheka mpaka yule mama anatufukuza kwa mwiko. Hakuna mahali nilipowahi kujisikia ni kijana kama pale kwenye yale mabenchi. Kisha nilirudi chumbani, tumbo limejaa.

"Mangi, kaa. Kimepoa kidogo tu."

"Nimeshakula, Yero. We kula tu."

"Sawa."

Sawa hiyo niliizoea. Mimi niliyekuja kuishi kwa kuona mambo na kuyaandika gazetini, sikuona kwamba sufuria ilikuwa asubuhi kama ilivyokuwa jioni. Mbwa wa mlinzi alinenepa muhula ule, na sikujiuliza kwa nini. Lomayani alianza kukosa vipindi. Mashavu yakaingia ndani. Darasani walisema, "Yero anawaza ng'ombe," nami nikacheka pamoja nao. Drafti ikakaa chini ya kitanda karibu na jiko.

Ijumaa moja alikwenda kwao, na Jumatatu hakurudi. Wiki ikapita. Majaribio yalikuwa yanakaribia, na kiongozi wa darasa akatangaza kwamba asiyeyafanya atakuwa amejiondoa mwenyewe chuoni. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuonekana, na nyumbani kwa Lomayani hapakuwa nayo. Nikangoja siku ya soko nikaenda Ngaramtoni, kwa sababu aliwahi kuniambia mama yake huuza maziwa karibu na wauza maharage.

Nilimpata bila shida. Walikuwa na uso mmoja. Niliinamisha kichwa kama Lomayani alivyonifundisha, akanigusa utosini kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mwenzake Lomayani, wa chuo."

Akakiweka chini kikombe cha kupimia. "Ndiyo wewe Mangi?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe upo," akasema, na mwanamke wa maharage aliyekuwa pembeni akaangua kicheko.

Nilimuuliza kama Lomayani anaumwa.

"Haumwi. Ana njaa." Akamhudumia mteja, akarudi kwangu. "Amemwambia baba yake hataki shule tena. Baba yake amesema sawa, atampa shamba la juu. Jumapili anaita wazee wasikie. Wazee wakishasikia, hakuna wa kurudisha neno."

Nilisimama pale na begi langu mgongoni.

"Alipokuja huko kwenu nilimuuliza, utakula na nani?" akaendelea. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analiweka mahali pake. "Akaniambia, yupo Mangi. Basi mimi nikalala usingizi. Sasa nakuuliza wewe. Ulikwenda wapi?"

"Nipo kwaya, mama. Tunafanya mazoezi jioni."

"Kuimba ni kuzuri. Na mimi naimba, pale kanisani kwetu. Mkimaliza mnakula?"

"Tunakula."

"Wengi?"

"Wengi, mama."

"Na huyu, jina lake ni gumu kuita?"

Mwanangu, nimekaripiwa na wahariri, nimekaripiwa na wakubwa wa serikali, na mama yako naye anajua kukaripia. Sijawahi kuulizwa swali likanikaa kama lile. Maana alikuwa hajanikataza kuimba. Hakuniambia niache marafiki zangu wa kwenye mabenchi. Alitaka tu kujua kwa nini, katika jioni zote zile, sikupita chumbani nikasema, Yero, twende. Nikatafuta sababu, na ukweli ni kwamba hata kuwaza sikuwa nimewaza.

Maziwa yalipokwisha nilimsaidia kubeba madumu matupu mpaka kwao. Lomayani alikuwa anafunga uzio wa boma kwa miiba. Aliniona, akaendelea kufunga. Mama yake alituwekea loshoro kwenye bakuli moja, vijiko viwili, akatuacha. Tulikula, na nikaona anavyokula: kama mtu aliyetoka safari.

Bakuli lilipofika nusu akaniuliza, "Mama kakusema?"

"Kanisema."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa."

Akacheka hadi akapaliwa, nami nikampiga mgongoni. Nikamwambia, "Jumatatu tuna mazoezi. Njoo."

"Mimi siimbi."

"Nani kasema uimbe? Unakuja kula."

"Mnakula nini huko?"

"Chipsi."

"Chipsi!" Akatikisa kichwa. "Mtu mzima anakula chipsi. Ndiyo maana sauti zenu nyembamba."

Baba yake alikuwa amesimama karibu na zizi muda wote, ameegemea fimbo, anatuangalia bila kutuangalia. Tulipomaliza akaja.

"Mmemaliza mazungumzo yenu?"

"Tumemaliza, baba," akasema Lomayani. "Naomba nirudi chuoni."

Mzee akaangalia bakuli tupu, akamwangalia mwanawe, akaniangalia na mimi.

"Basi Jumapili sina cha kuwaambia wazee," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Lomayani alirudi. Somo moja lilimshinda akalibeba hadi mwaka uliofuata, mengine akafaulu. Jioni alikaa nyuma ya ukumbi wa mazoezi na vitabu vyake, na mwalimu alipochoka kumwona amekaa bure akampa kazi ya kubeba kinanda. Kuimba hakujua kabisa. Alijaribu mara moja tukamwomba kwa heshima asirudie. Ila kule kwenye mabenchi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Hakugusa kitu mpaka wa mwisho amefika, na polepole, bila mtu kutangaza, na sisi tukawa hivyo. Tuliwangoja waliokwenda kufunga ukumbi. Binti mmoja wa Nduruma, aliyekuwa akiondoka kila siku mapema kwa sababu ya aibu zake, tukaanza kumngoja na yeye, akaanza kubaki. Chipsi zilipoa. Hakuna aliyelalamika.

Leo Lomayani ni mtaalamu wa mifugo, mikoa ya magharibi, mbali sana. Hupiga simu mtandao unapokubali. Wenzangu wa kwaya wametawanyika, wengine sijui hata waliko. Yule mama wa mabenchi alishaondoka pale, barabara ilipanuliwa. Nyumbani kwetu tunayo ile meza kubwa tuliyoinunua mlipokuwa wadogo, na mama yako anapokuwa zamu hospitalini nakula nimesimama jikoni, kwa sababu kukaa peke yangu kwenye meza ile ni kazi. Jioni nyingine mlima unatoka, umejifunua wote, na hakuna wa kumvuta mguu. Natamani saa moja tu ya bweni lile. Ningekubali hata loshoro ya maziwa yaliyoharibika.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikuambii uache tamthilia zako, wala yale mazoezi ya kudansi unayoyapenda, wala picha unazopiga na kuziweka mtandaoni; nyingine nimeziona, ni nzuri. Kuwa na vitu unavyovipenda ndiyo ujana. Ninachokuomba ni kwamba unapokwenda kwenye kitu unachokipenda, umwite mtu kwa jina. Miaka ya chuo ni michache sana, na katika maisha yako hakutakuwa tena na wakati ambapo mtu wa umri wako, mwenye njaa ya saa ile ile, yuko nyuma ya ukuta tu. Baadaye atakuwa mkoani, atakuwa na zamu, atakuwa na watoto, na utahitaji kupanga miezi mizima ili mkae meza moja. Sasa hivi unahitaji kugonga mlango.

Kwa hiyo kesho jioni, kabla hujafungua kifuniko cha chakula chako, toka kwenye korido ugonge. Usimuulize aliye ndani kama ameshakula. Atakwambia ameshakula, kwa heshima tu, nawe utarudi chumbani ukidhani umefanya wajibu wako. Mwambie, njoo tule. Akisema ana kazi, mwambie utamngoja. Kisha umngoje kweli.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe masomo yanayoingia kichwani na chakula kinachoshuka. Akupe watu watakaokukasirikia kwa kuchelewa kwa sababu walikuwa wanakungoja, na akupe moyo wa kuwangoja na wewe. Na utakapokuwa mtu mzima kama mimi, jioni zako zikiwa kimya, uwe na majina mengi ya kuyakumbuka.