Wenye Neno

Shangazi yangu Apolonija wa kijiji cha Marcinkonys, Lithuania, hakuwa na kisomo kikubwa. Alifuga nyuki, na kwa miaka thelathini alizunguka kwa baiskeli na treni akiuliza watu jambo moja tu: asali mnaiitaje? Sisi Walithuania asali ni medus na pombe yake midus. Wapolandi zote mbili huziita miód, ya kulamba na ya kulewesha. Kila jibu aliliandika kwenye kadi, na nyuma yake jina la aliyemjibu na kijiji chake. Neno lisilo na mwenyewe, alisema, ni uvumi.

Akaja Daktari Rimša, mhadhiri wa lugha kutoka chuo kikuu cha Vilnius. Alikula mkate wetu, akanywa midus mpaka mashavu yakamwiva, akaazima masanduku yote mawili ya kadi, eti atayarudisha kabla ya Pasaka. Kadi hazikurudi; baada ya miaka miwili tulikuta dukani kitabu cha maneno yale yale. Jaladani jina la Rimša peke yake. Shangazi hakuwamo hata kwenye shukrani.

Watu walimwambia amwachie Mungu. Akajibu Mungu ana kazi nyingi. Majina yote alikuwa nayo kichwani, akaketi kuandika barua.

Siku Rimša alipokuja kukisoma kitabu kwenye maktaba ya wilaya, ukumbi ulijaa wazee asiowajua: Walatvia, Wabelarusi, Wapolandi wa Sejny. Alidhani wamefuata sifa zake, maskini. Alipofika ukurasa wa tatu, mzee Wincenty, mfuga nyuki wa Sejny, akasimama na mkongojo wake.

“Neno hilo nilisema mimi, siku narina asali. We ulikuwepo?”

Rimša akaanza kueleza kwamba utafiti ni kazi ya wengi.

“Sijakuuliza hayo. Nilimwambia nani?”

Akamnyooshea shangazi kidole. Kikongwe wa Latvia akainuka, naye akanyoosha. Wakafika kumi na saba, mmoja mmoja, bila kelele, na mwandishi wa gazeti kalamu haimtui. Nilifurahi, wala sioni haya kusema.

Rimša alitufuata mlangoni, uso umempauka.

“Mama, nisamehe. Toleo lijalo nitaweka jina lako pamoja na langu.”

“Langu weka. Lako toa.”

“Nitafukuzwa kazi, mama.”

Shangazi alimaliza kufunga kitambaa chake kichwani.

“Najua. Ulidhani nimewaita hawa waje kunywa chai?”